Ya nazi au ya zeituni?

Mara ya mwisho niliulizwa kwenye steji ya Ukunda, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya matatu ya Msambweni. "Mwalimu, ya kumpaka mgonjwa lazima yawe ya zeituni, au haya yetu ya nazi yanafaa?" Kabla ya hapo niliulizwa msibani, nikaulizwa mara mbili nje ya ibada, na mara moja kwa simu saa nne za usiku. Kazi yangu ni kuwafundisha wainjilisti Agano Jipya, vitabu 27. Watu wananijia na kitu kimoja tu: mafuta.

Nimechoka na swali hili kwa sababu jibu lake halimsaidii anayeuliza. Anayetaka kujua aina ya mafuta ameshakubali moyoni kwamba nguvu imo chupani, na kilichobaki ni kuijua chupa yenyewe. Akifika hapo, mwenye chupa atamtajia bei. Dada mmoja wa darasa langu alinunua kichupa kisichojaa kiganja kwa pesa ambazo zingemtosha unga wa wiki nzima. Alikipaka mlangoni, akapaka kitanda, akampaka na mtoto aliyekuwa akiwaka homa. Kipimo cha malaria kilikuja siku ya tatu.

Wanaoyauza wana andiko lao, Yakobo 5:14. Tulisome, ila tusikomee wanapokomea wao. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa. Wanaofunga safari ni wazee. Mgonjwa hapangi foleni uwanjani. Wanamwombea, na wanampaka mafuta kwa jina la Bwana. Mstari wa 15 unataja kinachomwokoa mgonjwa, nacho ni maombi ya imani, na unamtaja anayemwinua, naye ni Bwana. Mafuta hayatajwi tena. Mstari wa 16 unawataka watu waungamiane dhambi na kuombeana. Hilo sijaona mtu akilitia kwenye chupa akaliuza.

Kuna na suala la neno lenyewe. Katika Kiyunani Yakobo anatumia aleifo, neno la kawaida la kujipaka au kumpaka mtu mafuta. Ndilo linalotumika Yesu anapomwambia anayefunga ajipake mafuta kichwani asijulikane kuwa amefunga (Mathayo 6:17). Neno jingine ni khrio, na humo ndimo lilimotoka jina Kristo. Hilo limo mara 5 tu katika Agano Jipya, na mara zote 5 anayepaka ni Mungu mwenyewe. Basi mtu akikuambia ana upako ndani ya katoni, mkumbushe kwamba 1 Yohana 2:20 na 27 inawaandikia waumini wote kwamba upako wanao tayari. Huwezi kumuuzia mtu koti alilolivaa.

Mafuta ya zeituni kwa watu wale yalikuwa kama ya nazi kwetu: ya kupikia, ya ngozi, ya kidonda. Msamaria wa Luka 10 anatia mafuta na divai kwenye majeraha ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi, kisha anampeleka kwenye nyumba ya wageni na kulipia matunzo. Mafuta na matunzo vinakwenda pamoja. Hakumpaka akamwacha njiani akimwambia aamini.

Wajanja zaidi hukimbilia Kutoka 30. Hapo kweli yamo mafuta matakatifu, tena na vipimo vyake: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Viungo peke yake vinapita kilo 15. Sasa shuka mistari michache, hadi 32 na 33. Mafuta hayo hayaruhusiwi kumiminwa juu ya mtu wa kawaida, na atakayetengeneza mfano wake, au kumpaka asiyehusika, atengwe na watu wake. Sura wanayoishika kama leseni ya biashara ndiyo inayoifunga biashara! Sijui wanasoma Biblia ya nani.

Jirani yangu, mzee wa Kidigo na Mwislamu, alikiona kichupa kimoja kimefungwa kitambaa chekundu juu ya mlango wa Mkristo. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Mwalimu, hii na azima ni mbalimbali?" Nilitafuta jibu nikalikosa. Hapa Kwale tunazijua hirizi za kila namna, na wengi wetu tulipobatizwa tuliambiwa tuzivue. Tukazivua shingoni, tukazirudisha mlangoni zikiwa na kifuniko cha plastiki.

Hapo ndipo wanaponitolea Matendo 19:12, vile vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo na wagonjwa wakapona. Ni kweli, na Luka mwenyewe anaiita miujiza isiyo ya kawaida, maana yake haikuwa utaratibu wa kila Jumapili. Paulo hakuviuza. Na Paulo huyohuyo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Timotheo naye, Paulo alimshauri atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakumtumia leso. Epafrodito aliugua karibu ya kufa. Aliyesafiri na Paulo na kubaki naye hadi gerezani alikuwa Luka, tabibu.

Hata kifaa ambacho Mungu mwenyewe aliamuru kitengenezwe kinaweza kuharibika mikononi mwa watu. Yule nyoka wa shaba wa Hesabu 21 aliwaponya walioumwa jangwani. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Mfalme Hezekia akamvunjavunja, na 2 Wafalme 18:4 inamhesabia hilo kuwa jema. Na Hezekia huyo alipopata jipu la kufa, Isaya aliagiza aandaliwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Mfalme aliomba, na nabii akaagiza dawa.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, Tanzania, watu waliambiwa wakanyage mafuta yaliyobarikiwa. Walisukumana, na 20 wakafa. Wakenya tunaikumbuka sadaka ya "mbegu" ya shilingi 310 aliyoitaka mhubiri mmoja mwaka 2014, na maji yaliyogeuzwa "damu" miguuni kwa potasiamu pamanganeti. Ya Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, kulikofukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, yalihusu kufunga hadi kufa, si mafuta, lakini mlango walioingilia ni ule mmoja: muumini alifundishwa kuiogopa hospitali kuliko kumwogopa anayemwongoza.

Ndugu zangu Wakatoliki wasinielewe vibaya. Mpako wa wagonjwa una taratibu zake, padre huja kwa mgonjwa, na sijasikia ukiuzwa dukani.

Basi, la kufanya, haraka maana nafasi imekwisha. Mtu akiugua, mpelekeni zahanati iliyo karibu au hospitali ya rufaa Msambweni, kisha mwiteni mchungaji, au mfanye yote mawili kwa mpigo, hayagombani. Wazee waje wawili au watatu, wasije na begi la kuuza. Waombe kwa maneno yanayoeleweka. Wakitaka kupaka mafuta, wapake kidogo kwenye paji la uso, bure. Dawa za presha, za sukari na za HIV zisiachwe hata siku moja kwa neno la mhubiri, na anayekuamuru uziache, mwondokee hata kama ni mwenye gari kubwa. Kichupa kilichoko mlangoni kiteremshwe. Mgonjwa asipopona asiambiwe imani yake ni haba. Trofimo hakuambiwa hivyo. Wazee warudi kesho, na keshokutwa, na wampikie uji, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea njia.

Na lile swali la Ukunda, mama yangu: ya nazi yanafaa. Yakibaki, kaangia samaki.