Neno Kabla ya Namba: Marudio ya Utangulizi wa Saikolojia

Wanafunzi wetu wa ualimu wanaotoka kwenye mtihani wa Utangulizi wa Saikolojia huwa na lalamiko moja: istilahi wamezikariri, lakini wakiambiwa wazitumie kwa watu wanaowafahamu, kalamu inagoma. Makala haya ni marudio mafupi kwa ajili yao. Tutayafanyia Magara, kwenye barabara ya ziwani iendayo Rumonge, mahali ambapo wengi wao wamepita na baadhi wamezaliwa.

Saikolojia huchunguza tabia pamoja na mambo ya akilini kama hisia, kumbukumbu na fikra. Tabia inaonekana, hayo mengine hayaonekani. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuigeuza dhana iwe kitu kinachohesabika. Sonona, kwa mfano, hupimwa kwa hojaji inayouliza, pamoja na mengine, ni siku ngapi mtu amekosa usingizi katika wiki mbili zilizopita. Hapo mvuvi wa Magara anatupa taabu ya kwanza, maana yeye usiku halali kwa sababu yuko ziwani! Swali lililotungwa kwa mkazi wa London linaweza kumhesabu kuwa mgonjwa. Kipimo cha namna hiyo hakina uhalali, yaani hakipimi kile kilichokusudiwa. Kinaweza hata kuwa thabiti, kikatoa jibu lilelile kila kikirudiwa, na bado kikawa kinapotosha. Wanafunzi wengi huchanganya uhalali na uthabiti, nao ndio huulizwa mara kwa mara.

Watafiti waliokwenda wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, walianza kwa kuwasikiliza wanavijiji wenyewe wakitaja matatizo yao. Wakapata maneno mawili ya Kiganda yanayokaribia sonona: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Hojaji ilikuja baadaye. Sisi wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kuipenda njia hii, kwani kazi ya lugha ilitangulia kazi ya namba.

Turudi ziwani. Wavuvi wa ndagala (wenzetu wa Kigoma husema dagaa) huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Tuseme mwanafunzi ameandika daftarini ugomvi wa majumbani kwa miezi sita, akaona unazidi mwezi unapokuwa mpevu. Je, mwezi unavuruga akili? Imani hiyo ni kongwe duniani, lakini alichokipata ni uwiano tu: vigeu viwili vinapanda na kushuka pamoja. Huenda kuna cha tatu kinachoeleza yote. Siku hizo baba yuko nyumbani na mfukoni hamna kitu.

Anayetaka kudai sababu afanye jaribio. Kundi moja lipewe msaada, jingine lisipewe au lisubiri, na kura ndiyo iamue nani aingie wapi. Kule Uganda vijiji 30 viligawanywa hivyo, na vilivyochaguliwa vikapata vikao vya vikundi kwa wiki 16. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Katika kundi lililosaidiwa, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika kundi linganishi walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Itazame vizuri hiyo namba ya pili: hata wasiopewa kitu walipungua! Bila wao, nafuu yote ingehesabiwa kuwa ni kazi ya vikao.

Hapa Burundi, jaribio la namna hiyo lilifanywa kwa watoto 329 wa shule katika eneo la kaskazini-magharibi lililoumizwa na vita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kwa jumla, vikao havikuonyesha tofauti kati ya makundi. Wapo wanaosema utafiti huo ulishindwa. Mimi naona ulifanya kazi yake barabara, kwani hakuna atakayepeleka vikao vilevile shule nyingine akidhani vimethibitishwa.

Vita yenyewe haigawiwi kwa kura. Utafiti mwingine wa Burundi, uliochapishwa mwaka 2012, uliona kwamba watu walioguswa na mapigano walikuwa wakarimu zaidi kwa jirani zao, wepesi zaidi wa kujihatarisha, na wenye subira kidogo katika kungoja faida ya baadaye. Hapo mtafiti hulazimika kuonyesha kwamba mapigano hayakuwafuata watu kwa sababu ya tabia walizokuwa nazo tangu awali, na hiyo ni hoja nzito kuijenga.

Kwa mwambao wetu kuna jambo la ziada. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia pande za Rumonge, na wazee wanaoyakumbuka wangali hai. Ukiwa na hojaji mkononi, mweleze mzee kwanza utauliza nini, na kwamba anaweza kukataa swali lolote bila kuulizwa sababu. Kisha umwachie nafasi ya kukataa kweli, hata kama sampuli yako itapungua.

Na kabla ya safari, mpe mwenzako hojaji ya Kiswahili airudishe katika Kifaransa bila kuona ile ya asili. Ukikuta "moyo mzito" umerudi kama ugonjwa wa moyo, bado hujawa tayari kwenda Magara.