Kalamu Haina Kigugumizi

Wapenzi wa muziki wa kantri nchini Kenya, nao si haba, wanaujua wimbo "Ruby, Don't Take Your Love to Town" kwa sauti ya mikwaruzo ya Kenny Rogers. Askari aliyerudi kutoka vitani akiwa amepooza miguu anamtazama mkewe akijipamba jioni, tayari kutoka, na hana la kufanya ila kumsihi. Rogers na kundi lake la First Edition waliuvumisha mwaka 1969. Aliyeutunga ni Mel Tillis, mtu ambaye hata kutamka jina lake mwenyewe kulikuwa kazi.

Lonnie Melvin Tillis alizaliwa Florida tarehe 8 Agosti 1932, akakulia Pahokee, mji mdogo wa wakulima kando ya Ziwa Okeechobee. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Wakati huo malaria ilikuwa haijatokomezwa kusini mwa Marekani, na Mel akaugua akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Kwa simulizi yake mwenyewe, homa ilipoondoka ilimwachia kigugumizi. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini kigugumizi cha utotoni kwa kawaida huanza katika umri huohuo, mara nyingi hutembea katika ukoo, na chanzo chake kimo katika namna ubongo unavyoratibu usemi. Yawezekana malaria ilikutana tu na jambo lililokuwa tayari njiani.

Alisimulia pia kwamba hakujua kama ana tatizo mpaka alipoanza shule na wenzake wakamcheka. Akarudi nyumbani kumuuliza mama yake kama ni kweli. Mama hakumficha. Alimwambia kuwa ndiyo, na kama wameamua kucheka, basi awape cha kuchekea. Ushauri huo ulimlisha maisha yake yote, ingawa kila nikiufikiria naona jinsi ulivyokuwa mzigo mzito kwa mtoto mdogo.

Akiimba, maneno yalitiririka. Kwa watu wengi wenye kigugumizi ndivyo ilivyo, na wataalamu wanataja sababu kadhaa. Maneno ya wimbo yako tayari kichwani, mdundo unaonyesha lini silabi inayofuata iingie, irabu zinavutwa, na hakuna mtu aliyekukodolea macho akingoja jibu. Mwenye kigugumizi anajua barabara anachotaka kusema. Kinachokwama ni kukitoa kwa wakati wake. Muziki unampa wakati huo. Akiwa na miaka 16, Mel alishinda shindano la vipaji mjini kwao.

Alijiunga na Jeshi la Anga, akapelekwa Okinawa, na huko akawa mwoka mikate kama baba yake, huku akiimba na bendi waliyoiita The Westerners. Aliporudi alifanya kazi katika shirika la reli, kisha akajaribu bahati yake Nashville. Mchapishaji Wesley Rose alimshauri arudi Florida akatunge nyimbo. Akarudi, akatunga. Mwaka 1957 Webb Pierce, mmoja wa nyota wakubwa wa kantri wa siku hizo, akarekodi wimbo wake "I'm Tired", na mlango ukafunguka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Tillis anatajwa kwanza kwa kigugumizi chake, na hilo halimtendei haki. Sikiliza "Detroit City," aliouandika na Danny Dill na ambao Bobby Bare aliuvumisha mwaka 1963. Kijana wa kusini amekwenda kaskazini kutafuta maisha katika viwanda vya magari. Barua zake nyumbani zinasema mambo ni mazuri, kumbe usiku anauzima upweke kwa pombe. Nani kati yetu hana ndugu wa namna hiyo, Nairobi, Dar es Salaam, Dubai? Na "Ruby" haukutoka hewani: Tillis alisema aliutunga akikumbuka wanandoa aliowajua Florida, mume akiwa askari aliyejeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Inasemekana alitunga nyimbo zaidi ya 1,000, na mamia yakarekodiwa. Mtoto aliyelazimika kunyamaza alisikiliza sana, na masikio yake ndiyo yaliyoandika.

Jukwaani ilikuwa ngumu zaidi. Mchekeshaji Minnie Pearl alimwajiri kama mpiga gitaa, akagundua kwamba kijana huyu anaogopa hata kuwashukuru watu waliompigia makofi. Alimhimiza azungumze, atambulishe nyimbo zake mwenyewe. Mel alijaribu, watu wakacheka, na taratibu akajifunza kukiongoza kicheko hicho badala ya kukikimbia. Wapo watakaosema alikifanya kilema kuwa bidhaa. Siwalaumu, maana kuna watoto waliotaniwa kwa jina lake. Hata hivyo naona tofauti kubwa kati ya anayechekwa na yule anayechagua mwenyewe lini watu wacheke.

Umaarufu wa kuimba ulichelewa. Alikuwa na miaka 40 wimbo wake "I Ain't Never" ulipofika namba moja kwenye chati ya kantri, mwaka 1972. Mwaka 1976 Chama cha Muziki wa Kantri kilimtangaza Mtumbuizaji Bora wa Mwaka. Zikafuata filamu, ukumbi wake mwenyewe Branson, Missouri, na kitabu cha maisha yake alichokiita *Stutterin' Boy*.

Grand Ole Opry, jukwaa ambalo kila mwimbaji wa kantri hulitamani, lilimfanya mwanachama mwaka 2007 tu, nusu karne baada ya "I'm Tired." Mwaka huohuo aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na mwaka 2012 Rais Barack Obama akamvisha Nishani ya Taifa ya Sanaa. Alifariki Ocala, Florida, tarehe 19 Novemba 2017, akiwa na miaka 85. Usiku ule wa Opry, aliyemkaribisha rasmi ni binti yake Pam, mwimbaji nyota kwa haki yake mwenyewe, ambaye alikuwa ametangulia kupewa uanachama huo kabla ya baba yake.