Makadirio ya Kodi na Kalenda ya Mwalo: Utangulizi

Anayeingia kwenye somo la kodi kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa hesabu. Hesabu zipo, lakini ugumu wa tawi hili uko katika kukadiria mambo ambayo hayajatokea. Mfanyabiashara anayetunza hesabu na kufuata mwaka wa kalenda anatakiwa kuwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka mzima ifikapo 31 Machi, kisha alipe kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani, yenye mapato halisi, huja baadaye, kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Chukua mnunuzi wa jumla wa dagaa pale Makoko, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Manispaa ya Musoma. Mauzo yake yamevuka shilingi milioni 100 kwa mwaka, hivyo ametoka kwenye viwango vya wafanyabiashara wadogo vinavyokokotolewa kwa mauzo. Machi anapokaa kukadiria, masika ndiyo kwanza yanaingia, na dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka bei huanguka. Uvuvi nao hufuata giza: taa huwavuta dagaa usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hubaki mwaloni, yaani ufukweni inakotia nanga. Desemba ataijuaje?

Sheria imelizingatia hilo, kwa kiasi. Riba ya kukadiria pungufu humpata yule ambaye makadirio yake hayakufika asilimia 80 ya kodi halisi. Tuseme alikadiria milioni 4, akalipa milioni moja kila awamu, kumbe kodi ya mwaka ni milioni 6. Asilimia 80 ya hiyo ni milioni 4.8, hakuifikia. Riba huhesabiwa kwa kila mwezi, tangu awamu ya kwanza ilipotakiwa kulipwa, juu ya pengo kati ya alicholipa na alichopaswa kulipa. Kuchelewesha ritani ni kosa jingine lenye adhabu yake, na msomaji asivichanganye viwili hivi.

Kwangu mimi, kiini cha somo ni haki ya kurekebisha makadirio katikati ya mwaka. Mnunuzi wetu akiona Septemba kwamba biashara imechangamka, anaweza kuwasilisha makadirio mapya ya milioni 6. Awamu mbili zimeshalipwa, jumla milioni 2. Milioni 4 zilizobaki zinagawanywa kwa awamu mbili, milioni 2 kila moja. Pengo, na riba inayolifuata, haviendelei kukua. Nasikitika kwamba mafunzo mengi ya mlipakodi hutilia mkazo tarehe za malipo na kuipita haki hii harakaharaka.

Msamaha wa riba na adhabu uliotangazwa mwaka 2018, uliofikia asilimia 100 kwa waliotimiza masharti, nao unastahili kusomwa kwa makini. Ulifuta riba na adhabu za malimbikizo. Kodi ya msingi ilibaki palepale.

Linabaki swali ambalo ningependa watafiti vijana walibebe: je, awamu nne zinazolingana zinaifaa biashara inayopanda na kushuka kwa mwezi na mvua? Anayetaka kulijibu aanze na daftari za mauzo za wanunuzi wa mwaloni, azipange giza kwa giza, ndipo afungue Sheria ya Kodi ya Mapato.