Walimu wa Peace Corps

Walimu wa Peace Corps ni watu wa kujitolea kutoka Marekani wanaotumwa na shirika la serikali ya nchi yao kufundisha katika nchi nyingine kwa muda wa miaka miwili hivi. Wengi wao ni vijana waliomaliza chuo kikuu. Jina la shirika lina maana ya "Kikosi cha Amani", lakini si sehemu ya jeshi. Tangu mwaka 1961 zaidi ya watu 240,000 wametumikia katika nchi zaidi ya 140. Wengine hufanya kazi za afya, kilimo au mazingira, lakini ualimu ndio kazi iliyochukua watu wengi kuliko zote. Tanganyika (leo Tanzania Bara) ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea watu wa shirika hilo.

Chanzo

Wazo la kuwatuma vijana kufundisha ng'ambo halikuanzia Marekani. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mke wake Mora walianzisha shirika la VSO, ambalo mwanzoni lilituma vijana wa umri wa miaka 18 hivi waliokuwa wamemaliza shule na kusubiri kuingia chuo kikuu.

Nchini Marekani wazo hilo lilipata nguvu wakati wa kampeni ya uchaguzi wa mwaka 1960. Usiku wa tarehe 14 Oktoba, yapata saa nane, mgombea John F. Kennedy alifika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor akakuta maelfu ya wanafunzi wakimsubiri. Aliwauliza ni wangapi kati yao wangekuwa tayari kwenda kufanya kazi Ghana na nchi nyingine. Baada ya hotuba hiyo fupi wanafunzi walikusanya saini za waliokuwa tayari kwenda. Kennedy alipokuwa rais alianzisha shirika kwa amri ya tarehe 1 Machi 1961, akamteua shemeji yake Sargent Shriver kuwa mkurugenzi wa kwanza. Sheria ya kulithibitisha ilitiwa saini tarehe 22 Septemba mwaka huohuo.

Sheria hiyo inataja malengo matatu: kuzisaidia nchi zinazoomba watu wenye ujuzi, kuwafanya watu wa nchi hizo wawaelewe vizuri zaidi Wamarekani, na kuwafanya Wamarekani wawaelewe vizuri zaidi watu wengine. Malengo mawili kati ya matatu hayahusu maendeleo bali kufahamiana. Jambo hilo husaidia kueleza kwa nini shirika huwataka watu wake waishi kati ya wenyeji, si katika nyumba za pekee.

Kundi la kwanza la walimu, takriban watu 50, lilifika Accra, Ghana, tarehe 30 Agosti 1961. Kwenye uwanja wa ndege waliimba wimbo kwa lugha ya Kitwi waliyokuwa wameanza kujifunza.

Kadi ya Ibadan

Wiki chache baadaye, Oktoba 1961, shirika lilipata msukosuko wake wa kwanza. Kijana mmoja aliyekuwa katika mafunzo huko Ibadan, Nigeria, alimwandikia rafiki yake postikadi akieleza hali ya maisha ya mji kwa maneno ya kudharau. Kadi hiyo ilipotea njiani, ikaokotwa, ikanakiliwa na kusambazwa kati ya wanafunzi wa chuo kikuu. Nigeria ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla yake. Wanafunzi waliandamana, wakawaita wageni hao wapelelezi na watu wa ukoloni mpya. Mwandishi aliomba radhi, akaondoka nchini. Wenzake walibaki, wakaendelea na kazi yao.

Tukio hilo lilionyesha kwamba maneno ambayo mgeni huyaona kuwa ya faragha yanaweza kuwafikia watu anaoyazungumzia. Tena, mtu anayekuja kusaidia hatazamwi kwa kazi yake tu. Hutazamwa pia kwa namna anavyowasimulia wenyeji wake kwa watu wa kwao. Suala hilo limerudi kwa nguvu katika siku za simu za mkononi, ambapo mwalimu mgeni anaweza kusambaza picha za wanafunzi wake bila ruhusa ya wazazi.

Mafunzo na lugha

Utumishi wa kawaida huchukua miezi 27. Miezi mitatu hivi ya mwanzo ni ya mafunzo katika nchi yenyewe. Mwanafunzi huwekwa katika familia ya wenyeji, hula wanachokula na kujifunza kazi za nyumbani. Nchini Tanzania huanza na salamu. Mgeni hujifunza mapema kwamba "shikamoo" haisemwi kwa kila mtu, na kwamba kuuliza jambo kabla ya kusalimiana ni utovu wa adabu. Hujifunza pia kuchota maji, kufua kwa mikono na kuwasha jiko la mkaa.

Lugha hufundishwa na wenyeji katika vikundi vidogo, na mwishoni mwanafunzi hupimwa kwa mazungumzo. Kwa njia hiyo Kiswahili kimefundishwa kwa vizazi kadhaa vya vijana Wamarekani ambao vinginevyo wasingekutana nacho kabisa.

Maisha katika jamii

Mwalimu wa Peace Corps halipwi mshahara. Hupewa posho ya kujikimu kwa fedha ya nchi husika, inayokadiriwa kumwezesha kuishi karibu na hali ya watu anaofanya kazi nao, na kiasi fulani cha fedha za kuanzia maisha anapomaliza utumishi. Umri wa chini wa kujiunga ni miaka 18, na hakuna umri wa juu.

Sheria za shirika ni kali. Mtu wa kujitolea hatakiwi kuingilia siasa za nchi wala kueneza dini. Katika nchi nyingi haruhusiwi kupanda pikipiki, kwa sababu ya wingi wa ajali. Watu waliowahi kufanya kazi katika shirika la ujasusi la CIA hawapokelewi kamwe. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuondoa shaka kwamba walimu hao ni wapelelezi.

Ugumu unaotajwa mara nyingi si ukosefu wa umeme au maji, bali upweke. Mgeni kijijini hutazamwa na kila mtu lakini huchukua muda mrefu kupata rafiki. Mara nyingi miezi ya kwanza huwa migumu kuliko yote, na wapo wanaorudi kwao kabla ya muda kwisha.

Kazi ya darasani

Nchini Tanzania walimu wa Peace Corps wamefundisha hasa hisabati, sayansi na Kiingereza. Tatizo la kwanza wanalokutana nalo ni lugha. Katika shule za serikali mwanafunzi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anapoingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwalimu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza huzungumza haraka na kwa lafudhi isiyozoeleka. Anaweza kumaliza kipindi kizima bila kuulizwa swali hata moja, akadhani ameeleweka. Ndiyo maana Kiswahili alichojifunza humsaidia hata katika somo la fizikia, kwa kueleza neno gumu au kutambua mwanafunzi amekwama wapi.

Tatizo la pili ni vifaa. Shule nyingi za vijijini hazina maabara ya kutosha. Walimu, wenyeji na wageni, hutengeneza vifaa kutokana na vitu vya dukani: chupa za plastiki zilizokatwa huwa vyombo vya kupimia, maji ya betri ya gari hutumika kama asidi ya salfuriki, na betri kuukuu za tochi hutoa zinki na vijiti vya kaboni.

Tatizo la tatu ni muda. Elimu ya sekondari hadi Kidato cha Nne huchukua miaka minne, na mwalimu wa kujitolea hukaa miwili. Akianza na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, huwaacha kabla hawajafanya mtihani wa mwisho. Shule isipopata mwingine wa kushika nafasi yake, somo linaweza kubaki bila mwalimu.

Tanganyika na Tanzania

Kundi la kwanza lililofika Tanganyika mwaka 1961, kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, halikuwa la walimu bali la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata, kwa kuwa nchi ilikuwa na wahitimu wachache sana wa kufundisha sekondari. Wakati huohuo mradi mwingine, Teachers for East Africa, ulileta walimu Wamarekani na Waingereza katika shule za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Tanzania ilishika siasa ya ujamaa na kujitegemea. Katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea Rais Julius Nyerere alitaka shule zimwandae kijana kuishi na kuijenga jamii yake. Kutegemea walimu wengi wa kigeni hakukupatana vizuri na lengo hilo. Pamoja na hayo, Tanzania ilipinga vita vya Marekani nchini Vietnam. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka nchini. Ilirudi mwaka 1979.

Usalama na ukosoaji

Kate Puzey, mwalimu wa kujitolea nchini Benin, aliuawa mwaka 2009 baada ya kutoa taarifa kuhusu mtu aliyemshuku kuwadhulumu wasichana wa shule kijinsia. Familia yake ilidai mabadiliko, na mwaka 2011 sheria yenye jina lake ilitiwa saini nchini Marekani, ikilitaka shirika kuwalinda wanaotoa taarifa na kuwasaidia wanaoshambuliwa.

Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, shirika liliwarudisha Marekani watu wake wote, takriban 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60. Wengi waliondoka bila kuwaaga wanafunzi. Makundi mapya yalianza kutumwa tena mwaka 2022.

Wakosoaji wanauliza kwa nini kijana asiye na uzoefu wa ualimu apewe darasa, wakati anaweza asipewe kazi hiyo katika nchi yake. Swali hilo ni zito zaidi pale ambapo wapo wahitimu wazalendo wanaosubiri ajira, na baadhi yao hujitolea katika shule zilizo karibu nao bila kupewa heshima anayopewa mgeni. Watetezi hujibu kwamba walimu hupelekwa kwa ombi la serikali ya nchi husika, hasa kwa masomo yenye upungufu, na kwamba faida ya kufahamiana haipimwi kwa matokeo ya mitihani pekee.

Baada ya kurudi

Baadhi ya walimu hao walijulikana baadaye. Paul Theroux alifundisha Malawi kuanzia mwaka 1963, akafukuzwa katika shirika kwa kujihusisha na siasa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Makerere na kuwa mwandishi mashuhuri. Reed Hastings, mmoja wa waanzilishi wa Netflix, alifundisha hisabati nchini Eswatini katika miaka ya 1980. Peter Hessler alifundisha mjini Fuling, China, na kuandika kitabu juu ya maisha hayo.

Safari za upande wa pili

Ualimu wa ng'ambo si wa watu wa Kaskazini tu. Nigeria ilianzisha mwaka 1987 mpango wake wa kutuma wataalamu, wakiwemo walimu, katika nchi nyingine za Afrika, Karibi na Pasifiki. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana Wajerumani, tangu mwaka 2013 huwapokea pia vijana kutoka nchi kama Tanzania ili wajitolee Ujerumani. Walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania nao hupata nafasi za kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kupitia mpango wa Fulbright, ingawa hao hulipwa posho na huhesabiwa kuwa walimu wasaidizi, si watu wa kujitolea. Huko wao ndio wageni: ni zamu yao kuzoea chakula kipya, baridi, na wanafunzi wanaomwita mwalimu kwa jina lake la kwanza.