Uvujaji wa Oili katika Injini Kuukuu: Chanzo Huenda Kikawa Bomba la Kupumulia

Chama chenye gari la zamani la kubebea pembejeo na mazao hugharimia oili mara mbili: ile iliyomo katika injini na ile idondokayo chini. Aghalabu gari hilo likivuja, fundi hushusha giaboksi, hubadilisha sili ya nyuma ya krankishafti, na chama hulipa. Baada ya majuma machache oili hudondoka tena. Si lazima sili iwe mbovu; huenda injini imezibwa pumzi.

Mafuta yanapowaka katika silinda, sehemu ndogo ya hewa ya moto hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka katika chumba cha krankishafti. Hewa hiyo huchukua masizi na mvuke wa maji. Isipopata pa kutokea, huisukuma oili ipite penye gasketi na sili. Ringi zikichakaa, hewa hiyo huzidi. Ndiyo maana injini kuukuu huhitaji zaidi njia iliyo wazi.

Katika injini za zamani sana njia hiyo ilikuwa bomba tupu lililoelekea barabarani. Kwa kuwa lilichafua hewa, magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California, Marekani, yalifungwa vali ndogo irudishayo hewa hiyo kwenye manifoldi ili iungue.

Njia huzibwa na utope wa oili, na vumbi lishikalo katika wavu wa kifuniko cha kujazia. Safari fupi fupi huongeza utope, maana injini haipati joto la kukausha maji. Ute mweupe chini ya kifuniko ni dalili yake.

Upimaji ni rahisi. Injini ikiwa na moto na ikinguruma polepole, kifuniko kifunguliwe na karatasi iwekwe juu ya tundu, mbali na feni. Katika injini ya petroli yenye vali, karatasi hunyonywa kidogo. Ikirushwa kwa moshi, mabomba, wavu na vali vikaguliwe, kisha injini ipimwe upya. Vali nyingi zikitikiswa hulia, isiyolia imekwama. Moshi ukiendelea kusukuma baada ya usafishaji, ringi zishukiwe.

Wavu na mabomba huoshwa kwa mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto, kisha hukaushwa. Dereva asizibe bomba kwa kitambaa ili kuficha moshi: kufanya hivyo huongeza uvujaji. Wala oili isizidishwe kupita alama ya juu ya kijiti.

Katibu aandike katika daftari la gari kila lita ya oili iliyoongezwa na kilometa zilizokwendwa. Kabla ya kamati kuidhinisha malipo ya sili mpya, fundi aulizwe swali moja: je, bomba la kupumulia limesafishwa? Kazi ya saa moja yaweza kuokoa fedha za wanachama.