Gurudumu Linalonuka Moto

Wazazi wengi huko kambini mnauliza sisi vijana wenu tuliokuja Ndeeba kujifunza umekanika tunafanya nini. Kazi ipo, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kuifanya. Leo tuwasimulie gari moja tu.

Mzee mmoja mwenzetu kutoka Kongo anabeba abiria wa kukodi kwa Toyota Corona ya zamani. Alikuja akilalamika kwamba gari linavuta kushoto hata asipokanyaga breki, petroli inaisha upesi, na akishuka Muyenga kwenda Kabalagala anasikia harufu ya kuungua. Tukagusa rimu ya mbele kushoto: moto kama sufuria! Ya kulia vuguvugu tu. Gari kama hilo si la kupakia watu. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama mpaka chini bila kushika kitu. Kwa vilima vya Kampala, hapo ni kuomba Mungu.

Fundi mwingine alikuwa amemwambia anunue kalipa mbili za mitumba Kisekka. Bei yake ilikuwa sawasawa na karo ya binti yake ya muhula mzima, na mzee alikuwa tayari kuitoa. Tukamwambia, ngoja kwanza baba.

Tuliinua gari kwa jeki na kuweka stendi (jeki peke yake usiiamini kamwe). Gurudumu halizunguki. Tukalegeza kidogo nati ya kutolea hewa. Kama lingeachia hapo, ubaya ungekuwa kwenye hosi, maana hosi ikizeeka huziba kwa ndani, mafuta yanakosa njia ya kurudi. Halikuachia. Basi kalipa yenyewe ndiyo imekwama.

Kutoa pistoni hatukutumia upepo wa kompresa; huko huruka kama jiwe la manati na kusaga vidole. Tuliiacha hosi mahali pake, mmoja akakanyaga pedali polepole mpaka pistoni ikatoka. Kumbe raba ya vumbi ilichanika zamani, tope na maji vikaingia, kutu ikashika. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani taratibu, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hivi hata kama hayajapungua.

Tulisugua pistoni kwa msasa laini wa maji. Ilikuwa na madoa tu. Ingekuwa na vishimo pale inapopita sili, tungeitupa. Sili hiyo ndogo wengi wanaidharau, lakini ndiyo inayovuta pistoni nyuma ukiachia pedali. Ikikakamaa, padi zinabaki zimeng'ang'ania diski.

Na hapo ndo tuliharibu. Mmoja wetu aliosha sili mpya kwa petroli. Bosi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia! Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha raba hizo. Huoshwa na kulainishwa kwa mafuta ya breki yenyewe. Tukachanga, tukanunua nyingine kwa pesa yetu. Pini za kalipa tulizipaka grisi ya breki, siyo ile ya beringi.

Upande wa kulia nao tuliufungua, ingawa haukukwama, kwa sababu breki za mbele lazima zishike sawa. Halafu kutoa hewa: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" mpaka mapovu yakaisha. Kabla ya kuwasha gari tukapampu pedali mpaka ikawa ngumu, maana mguu wa kwanza baada ya kazi hiyo huenda chini bure.

Tulipanda naye Muyenga, tukashuka pole pole mpaka Kabalagala. Pale chini mzee alitoka mwenyewe, akagusa rimu ya kushoto, akazunguka akagusa ya kulia. Zote joto moja. Akarudi ndani bila kusema neno.

Jumatatu binti alikwenda shule.