Data Nyingi, Kosa Lile Lile

Jutta Treviranus, profesa wa Chuo Kikuu cha OCAD mjini Toronto, Kanada, aliwahi kujaribu programu za akili mnemba zilizokuwa zikiandaliwa kuongoza magari yasiyo na dereva. Majaribio yalifanywa kwenye kompyuta, si barabarani. Alizionyesha picha za rafiki yake anayetumia kiti cha magurudumu kwa namna yake mwenyewe: hujisukuma kwa miguu, akienda kinyumenyume. Kwenye makutano ya barabara, programu zote ziliamua gari lisonge mbele. Maana yake, lingemgonga.

Akaambiwa kwamba programu bado ni changa, zitalishwa picha zaidi za watu wenye viti vya magurudumu. Zikalishwa. Aliporudi kuzijaribu, ziliamua tena kumgonga rafiki huyo, mara hii kwa uhakika mkubwa zaidi. Zilikuwa zimeona viti vingi vikienda mbele, basi zikajiaminisha kwamba naye ataelekea kule anakotazama.

Akili mnemba hujifunza kwa kufuata mazoea. Kinachojirudia hukipa uzito. Kinachotokea kwa nadra hukipuuza. Ulemavu nao hauna mtu wa wastani: watu wawili wenye mtindio wa ubongo hawatembei sawa wala hawatamki maneno sawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila kosa la mashine litatibiwa kwa data zaidi. Simu inayomsomea asiyeona maandishi ya kwenye chupa ya dawa ni neema kubwa, na sitaki irudishwe nyuma. Ninachokataa ni mashine kupewa rungu la kuamua.

Jimbo la Arkansas, Marekani, lilikwisha kuonja hayo. Mwaka 2016 lilianza kutumia programu kupanga saa za wasaidizi wanaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani watu wenye ulemavu, kazi ya ukadiriaji ambayo awali ilifanywa na wauguzi. Haikuwa hata akili mnemba, ilikuwa kanuni ya hesabu tu. Wengi walikatwa saa, na walipouliza sababu waliambiwa kompyuta ndiyo imeamua. Mawakili walipoichimbua wakakuta mtindio wa ubongo umeingizwa vibaya na matatizo ya kisukari hayakuzingatiwa. Mtu analala na njaa kwa sababu ya mstari mmoja wa programu, na hakuna wa kumlalamikia!

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unazitaka serikali kushauriana na watu hao katika maamuzi yanayowahusu. Basi ofisi yoyote inayotaka kununua programu ya kugawa huduma, ajira au mikopo iijaribu kwanza kwa watu wenye ulemavu, na imweke mtumishi mwenye mamlaka ya kuutengua uamuzi wa mashine. Isipoweza hayo, isiinunue.